Kuanzia Ngazi ya Mwisho, Mama Alikuwa Miss Zara

Wenzangu mliolelewa Jeddah miaka ile, shule za kulipia zilipokuwa zikigombania walimu wa kwetu kama watu wanaogombania mitumba iliyofunguliwa sasa hivi, nawauliza swali moja kabla sijaanza: mama zenu walipewa nchi gani?

Msijifanye hamnielewi. Mama yangu alipewa Uingereza. Jirani yetu Miss Grace, Mfilipino aliyefundisha naye shule moja, alipewa Kanada, na maskini, hiyo Kanada hakuwahi kuiona hata kwenye kalenda. Tulikuwa watoto, tukaona ni mchezo wa wakubwa. Sasa nimekuwa mtu mzima, na juzi kimetokea kitu hapa nyumbani kikanichemsha damu upya. Nitafika huko. Kwanza niacheni nianze na utamu, maana utamu nao ulikuwepo, wallahi.

Tulikaa Bani Malik, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Ukipanda ngazi zile ulizunguka dunia kwa pua. Ghorofa ya kwanza kitunguu cha Wahindi kikikaangwa, ya pili udi wa Wasudani, ya tatu samaki mkavu wa Miss Grace, na ukifika kwetu, iliki ya mahamri ya baba. Watoto wa jengo zima tulicheza juu ya paa, baina ya matangi ya maji na madishi ya televisheni. Tulicheza mwajificho, tukacheza kati kwa mpira wa soksi zilizochakaa, na mpira ukianguka chini barabarani aliyeurusha ndiye aliyeshuka ghorofa zote kuufuata. Tulihesabu kwa Kiarabu, tukatukanana kwa Kihindi, na mtu akiumia alilia kwa lugha ya kwao. Hiyo ilikuwa kanuni ambayo hakuna aliyeitunga. Ukisikia kilio tu ulijua ni mtoto wa nani.

Na bakala je, lile duka la pembeni? Tulitumwa mtindi, adhana ikatukuta ndani, mwenye duka akateremsha mlango akaenda kuswali na sisi humo humo! Tulikaa gizani juu ya magunia ya mchele mpaka arudi, hakuna aliyelia, hakuna aliyetutafuta. Watoto wa siku hizi mtandao ukikatika dakika tano wanataka kupelekwa hospitali. Asubuhi tulikimbilia tamisi, ule mkate wa tanuri mpana kama sinia, ukiukumbatia kifuani unakuunguza mpaka nyumbani, na ukifika umeshaula ukingo wote. Baba aliuangalia mkate uliotafunwa na kusema, "Panya wa Bani Malik wana meno ya kike."

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu Mombasa, mwalimu haswa, wa kupigiwa saluti sokoni. Jeddah alikuja kama maharimu wa mama, maana mwalimu wa kike hakuchukuliwa bila mwanamume wa kwao wa kufuatana naye. Kwenye ikama yake, ile kadi ya ukaazi, waliandika kwamba haruhusiwi kufanya kazi. Basi akawa mpishi wetu, akambeba mdogo wangu Salma mgongoni kwa kanga bila kumwonea mtu haya, na jioni akafundisha hesabu watoto wote wa ngazi zile, bila kuombwa na bila hata kuulizwa kama wanataka. Alipika akifoka. Ukiona leo nazidisha chumvi kwenye mbaazi, ujue nimerithi.

Sasa shule. Nje ya geti palikuwa na bango kubwa lenye maandishi ya dhahabu, likitangaza kwamba walimu wote wa Kiingereza ni Waingereza na Wamarekani. Mama siku ya kwanza alilisoma, akarudi kwenye basi, akamwambia dereva amemleta shule siyo. Dereva akacheka mpaka akafuta machozi. Ndani, mudira, yaani mkuu wa shule ya wasichana, mwanamke wa sauti laini na roho ngumu, akamketisha mama na kumpa kahawa na tende. Akamwambia Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha wote aliowahi kuwasikia. Kisha akamwambia kuanzia leo yeye ni Miss Zara wa London.

Jamani! Mwanamke amefundisha miaka kumi na miwili, ametoa wanafunzi ambao leo ni madaktari, anaitwa Zuhura, jina linalotamkika vizuri kuliko yote katika nchi ile, na anaambiwa jina hilo halifai kwa sababu halinuki London!

Mama aliuliza, "Na binti yangu? Si anasoma hapa hapa?"

Mudira akamjibu, "Mafi mushkila, hakuna shida. Hapa ndani ni mwanafunzi kama wengine. Asikuite mama, na msisemeshane lugha yenu. Ni kazi tu."

Ni kazi tu. Wekeni maneno hayo akilini.

Nilikuwa na miaka saba. Kila asubuhi tulishuka ngazi, mimi na gauni langu la kijivu la shule, mama na mkoba wake, tukiongea Kiswahili chetu mpaka ngazi ya mwisho. Hapo alisimama. Alinibusu kwenye paji la uso na kusema, "Haya, halas. Kuanzia hapa mimi ni Miss Zara." Kwenye basi alikaa mbele, mimi nikakaa nyuma. Mchana basi liliporudi, tulipokanyaga ngazi ile ile aliniambia, "Karibu nyumbani, mwanangu," na mimi niliyabwaga yote niliyokuwa nimeyameza tangu asubuhi. Nani kanisukuma, nani kaniibia jibu, nani kasema nywele zangu zinafanana na sifongo. Nilikuwa na mama wa ngazi ya mwisho kwenda juu. Chini ya hapo sikuwa naye.

Mombasa mama alikuwa na methali yake, akiwatolea wanafunzi waliojifanya hawajui lugha za bibi zao: "Mkataa kwao ni mtumwa." Niliisikia mpaka nikaichoka. Jeddah sikuisikia hata mara moja. Baba ndiye aliyeisema siku moja, mezani, akikata mahamri. Mama aliondoka akaenda kukaa chooni muda mrefu, na baba hakuirudia tena.

Nilikuwa hodari wa mchezo ule, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Watoto walinijaribu. "Miss Zara anafanana na wewe." Nikajibu, "Watu weusi wote kwenu wanafanana." Wakaniacha. Nilijiona mjanja! Mama alinisikia, akainamia daftari alilokuwa anasahihisha.

Mwaka wa tatu, ikafika siku ya akina mama kuja kusikiliza mashairi ya Kiingereza. Ua ulikuwa umeoshwa kwa sabuni tangu alfajiri, na hakuna aliyekausha vizuri. Nilitakiwa nipande vidato vitatu mpaka jukwaani. Kwenye cha tatu mguu ukateleza, nikaangukia mkono wa kushoto, na nikausikia mfupa ukisema ta!

Mama alikuwa amesimama na mudira, katikati ya akina mama na manukato yao. Alikuja mbio. Nikamwona anakuja, mkono unaning'inia kama si wangu, maumivu yamenipanda mpaka kwenye meno, nikafungua kinywa nilie. Mnajua nilisema nini? Nilisema, kwa Kiingereza safi alichonifundisha yeye mwenyewe: Miss Zara, naomba radhi, nimeanguka.

Nililia kwa Kiingereza.

Mama alisimama ghafla, hatua mbili kutoka kwangu. Sijawahi kuuona tena uso ule, na sitaki kuuona. Kisha akapiga magoti kwenye maji ya sabuni na sketi yake ya siku ya wageni.

"Rukia," aliniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la nyuma. "Niite mama."

"Mudira atakasirika."

"Na akasirike mpaka apasuke! Nimekuzaa mimi, Kisauni, usiku wa mvua, sikukuzaa London. Mimi ni nani yako? Sema!"

"Mama," nikasema. Na lilipotoka hilo la kwanza yakafuata yote. "Mama wee! Mama, mkono wangu! Mama nakufa!"

Na sasa sikilizeni jambo linaloniumiza kuliko mfupa. Wale wazazi tuliokuwa tukifichana kwa ajili yao, waliodaiwa kwamba hawatamtaka Mwafrika awafundishie watoto, mmoja wao, mama mnene aliyekuwa na binti darasani kwangu, alivua mtandio wake wa hariri akanifungia mkono. Akamwuliza mama, "Kumbe ni binti yako? Miaka mitatu, abla, mwalimu wetu! Mbona hukutuambia, tukamjua?" Hakuuliza habari za London. Hakuna hata mmoja aliyeuliza! Miaka mitatu nimemkana mama yangu kwa ajili ya watu ambao hawakuwa na habari.

Aliyekuwa na habari ni mudira. Wiki ile ile mama aliitwa ofisini, akawekewa karatasi ya kukiri kwamba ameidanganya shule kuhusu anakotoka. Yeye! Aliwadanganya wao! Mama aliisoma mpaka mwisho, akatoa kalamu nyekundu, akasahihisha makosa matano ya Kiingereza, akairudisha bila sahihi. Kuhamia shule nyingine hakuweza bila idhini ya kafili, mwenye shule, na pasipoti zetu zilikuwa kwenye sefu yake. Kafili akatuhamishia tawi lake la Riyadh, mtaa wa Naseem, mama afundishe chekechea. Walidhani wamemwadhibu.

Riyadh ilikuwa vumbi, na baridi ya Januari ambayo Jeddah hatukuijua, na mkono wangu ulikuwa umeunga kombo, ukaniuma kila alfajiri. Hatukuwa na paa la kuchezea. Lakini mama alikata kadi ya manila, akaandika kwa kalamu nene na kuibandika mlangoni mwa darasa lake: Mwalimu Zuhura, Mombasa. Mudira wa pale aliitazama, akatingisha kichwa, akaiacha. Watoto wa miaka minne wakajifunza kusema "jambo" kabla ya "good morning". Na mimi nilishuka ngazi za Naseem nikimwita mama mpaka ndani ya basi, mama, mama, mama, hata nilipokuwa sina la kumwambia. Alinivumilia. Mikataba ilipokwisha tukarudi kwetu.

Sasa la juzi. Salma, yule aliyebebwa mgongoni, amekuwa msichana mkubwa, hodari kuliko sisi sote, na ana kazi. Anafundisha Kiingereza watoto walioko China, kupitia kompyuta, akiwa hapa hapa sebuleni Kisauni. Mchana wetu ni jioni yao. Nilimwonea fahari, kwa kweli. Sisi tulivuka bahari na mabegi, tukaacha pasipoti kwenye sefu za watu, na yeye anavaa vipokea sauti na juu blauzi nadhifu, chini dera, na kazi inakwenda.

Nilikuwa nachambua mchele kando. Somo likaanza. Nikamsikia mdogo wangu, kwa lafudhi ambayo haijawahi kukaa kwenye ulimi wa ukoo wetu, anajitambulisha: yeye ni Miss Bella, wa London.

Mchele ukanimwagika. Nani kamlazimisha? Mudira yuko wapi? Kafili yuko wapi? Sisi tulinyang'anywa majina yetu tukiwa tumekabwa, nyinyi mnayatupa wenyewe mkiwa mmeketi kwenye kochi la baba yenu! Hayo nilitaka kuyasema, lakini mama alinitangulia. Alitoka jikoni na kanga yake kiunoni, akapita nyuma ya Salma kuchukua miwani. Kule China mtoto akamwona, akauliza yule ni nani.

Salma akababaika. Akajibu kwa Kiingereza, "Ni dada wa kazi."

Mama alisimama. Salma akazima sauti haraka, akageuka, machozi yanamlenga. "Mama, nisamehe, imenitoka. Wao ndio wanataka London. Si unajua, ni kazi tu."

Mama akaja nilipoketi. Akaushika mkono wangu wa kushoto, akaunyoosha mpaka pale unapokataa kunyooka, akamwonyesha Salma.

"Muulize dada yako," alisema, "siku huu ulipovunjika, aliniita nani."

Salma anaijua hadithi hiyo, amekua nayo. Aliutazama mkono, mtoto wa watu anasubiri kwenye kioo. Kisha akawasha sauti, akavuta kiti cha pili, akamketisha mama pembeni yake. Akasema, kwa sauti yake mwenyewe sasa, yenye Kisauni yote ndani yake, kwamba amekosea: huyu ni mama yake, naye pia ni mwalimu, anaitwa Zuhura, na wote wawili wanatoka Mombasa.

Mtoto yule, wa miaka sita hivi, meno ya mbele hana, wala hakushtuka. Akatupungia mkono, akasema neno la Kiingereza lililo sawa na letu:

"Mama."

Na mama yangu, aliyenyimwa neno hilo miaka mitatu kwenye ua wa watu, akaitikia, "Abee, mwanangu."