Gari Lililokohoa Chini ya Ardhi

Gari nililokabidhiwa nikalipaki lilikohoa.

Sikosei, ndugu zangu. Si injini. Lilikohoa kama mtu mzima mwenye kifua.

Naitwa Lugembe, mzaliwa wa Igalula, Tabora. Mwaka juzi nilikuwa Dar, kazi yangu kupokea magari ya wateja mlangoni mwa jengo moja refu na kuyashusha paking, ghorofa tatu chini ya ardhi. Jengo lenyewe lilikuwa na kila kitu: maduka, ofisi za mawakili, mpaka hospitali.

Saa nne asubuhi likaja gari limejaa vumbi hadi kwenye vioo. Akashuka jamaa wa miaka hamsini hivi, simu sikioni, akanipa funguo.

"Kaka, liweke karibu na lifti. Nashuka sasa hivi."

Huyoo, kapotelea ndani.

Nikalishusha. Ile nazima injini tu, kikohozi!

Nikageuka. Siti ya nyuma, chini ya blanketi, kalala bibi kizee.

Nusura nitokee kwenye kioo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hapa ndipo kaburini?"

Lafudhi ile! Nikamwamkia Kinyamwezi. Uso ukamchanua. Akasema anaitwa Koleta, katokea Ntalikwa, kulekule kwetu Tabora, wamesafiri usiku kucha. Akanishika mkono, hauachii.

"Mjukuu wangu, nifungulie. Huu mlango nausukuma tangu Dodoma, haufunguki."

Nikaangalia. Umewekwa loki ya watoto, ile isiyofunguka kwa ndani. Mtu mzima na mvi zake, kafungiwa kama mbuzi wa mnada!

"Nani kakufungia?"

"Mwanangu, Deus. Wanataka nitie dole gumba kwenye karatasi. Nikishatia tu, wanachukua."

"Wanachukua nini?"

"Kilicho changu, baba. Nimezaliwa nacho."

Damu ikanichemka. Shamba letu la Igalula kaka yangu aliliuza hivyo hivyo. Baba yuko kitandani hajitambui, akashikwa kidole, akachovywa wino. Nikasema moyoni: safari hii hapana. Huyu bibi namtorosha, nampeleka mwenyewe stendi.

Nikawasha gari. Nikapanda njia ya kutokea, ghorofa ya kwanza, ya pili...

Puu! Umeme ukakatika.

Geti la chuma kule juu likagoma. Lifti kimya. Mtandao hakuna. Nikarudi kinyumenyume mpaka chini kabisa, kwenye giza la kufa mtu. Joto lilipanda, kuta kama zinatusogelea. Bibi akaanza rozari.

Mara, mwanga wa simu kwenye ngazi. Deus.

"Kaka, funguo."

Nilikuwa bado kwenye usukani, milango nimeifunga, funguo nimeshazitia soksini. "Zimeniponyoka gizani."

"Usinitanie! Mama yangu yumo humo!"

"Najua. Na hatii dole lolote."

Nilitegemea ngumi. Yule bwana akapiga magoti kwenye sakafu yenye oili, akaanza kulia.

"Mguu wa mama umeoza, kaka. Sukari. Daktari anasubiri hapo ghorofa ya kwanza, kasema leo au basi tena. Karatasi ni ya kukubali kukatwa. Njiani kanitoroka mara mbili, ndiyo maana nikamfungia."

Nikageukia siti ya nyuma, nikafunua blanketi, nikamulika. Nilichokiona chini ya bandeji ile sitaki kukisimulia. Ningemtorosha, ningemwua.

"Bibi, mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza zaidi. Ulishajua." Kisha akamgeukia mwanawe. "Deus, babu yangu alitembea toka Unyanyembe mpaka pwani, pembe za ndovu begani, akarudi na miguu yake miwili. Mimi nimeletwa na gari, nirudi na mmoja?"

"Mama, utakufa!"

"Kwani nimekataa? Nani kaniuliza? Umeongea na daktari, umeongea na shangazi zako, umeongea mpaka na wauza mafuta. Mimi ukanifungia mlango."

Deus akashusha simu, mwanga ukabaki sakafuni.

Nikatoa funguo soksini. Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikauacha wazi kabisa.

"Bibi, juu hospitali au Ntalikwa? Popote utakaposema, nakupeleka."

Deus akafumba macho. Bibi akakaa ukingoni mwa siti, akaupapasa ule mguu taratibu, kama anamlaza mtoto.

"Nibebe," akasema. "Juu."

Nikambeba mgongoni ngazi zote zile. Deus nyuma anamulika, kwikwi hazimwishi.

Kazi ilinitoka siku hiyo hiyo. Wateja walisubiri magari dakika arobaini, bosi hakutaka hadithi. Nikarudi kwetu.

Mwezi uliopita nikapita Ntalikwa. Nikamkuta Bibi Koleta kwenye kigoda, magongo ubavuni, anamenya karanga huku anamgombeza Deus kuhusu paa la banda. Akaniona, akacheka.

"Karibu, mtekaji wangu!"

Tukala karanga mpaka jua likachwea. Naondoka, akaniuliza kuhusu kaka yangu, maana habari za shamba nilishamsimulia. Nikamwambia hatujasemezana miaka tisa.

"Ulimuuliza kwa nini aliuza?"

Sikuwahi, ndugu zangu. Miaka tisa.

Basi nakuachia hili: kabla hujamkomboa mtu, muulize anakimbia nini. Na kabla hujamhukumu mtu, muulize vilevile. Kesho napanda treni kwenda Kigoma, kwa kaka.