Siku Tatu za Macho ya Bi Zaituni

Mwanangu, kuna asubuhi moja naikumbuka mpaka leo. Nilikuwa kijana, natoka mtaa wa Lizaboni kwa miguu kwenda kazini, kwenye maabara ya kupima vito hapahapa Songea. Mawe mengi yalitoka Tunduru. Kazi yangu ilikuwa kulipiga jiwe kwa leza kali mpaka chembe yake igeuke mvuke wa atomi, halafu leza ya pili, hiyo laini, inapita kwenye ule mvuke na kutuonyesha ni atomi za nini. Sasa ile leza kali mwanga wake hauonekani. Ukiingia jichoni unaunguza ndani kwa ndani, wala husikii maumivu.

Ndiyo maana mlango uliwekewa swichi: ukifunguliwa tu, leza zote mbili zinazimika. Lakini sisi watu wa huku hatupiti mlango wa mtu bila kumsalimia, wewe mwenyewe unajua. Kila anayepita anaingia, leza zinazimika, na kuirudisha ile laini kwenye rangi yake kamili kunakula nusu ya asubuhi. Nikachoka. Nikaifunga swichi kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ili mlango ukifunguliwa leza zisizimike, nikajiona mjanja kweli.

Hodi ikapigwa, nami bila kufikiri nikaitikia karibu. Akaingia Bi Zaituni, mama wa Kiyao aliyekuwa akitukatia na kung'arisha mawe. Mimi nilikuwa na miwani ya kinga, yeye hana. Nikaruka kuizima ile leza kali.

"Mbona umeshtuka hivyo, baba?"

"Hamna kitu, Bi Zaituni. Shikamoo."

Alipotoka nikaufungua ule mpira, nikautia mfukoni.

Niliogopa, mwanangu. Siku tatu sikumwambia mtu. Nilikuwa najipitisha kwenye chumba chake kumchungulia anavyoshika jiwe. Siku ya tatu akanyanyua yakuti moja, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akafumba jicho la kushoto. Nikajua ni hilo limeumia. Nikaingia nikamweleza yote.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho, akakuta kovu dogo kwenye jicho hilo. Nilimuuliza kama tungewahi ingesaidia. Akasema, "Labda. Siwezi kujua."

Bi Zaituni hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Tulipotoka nje alinishika mkono ili tuvuke barabara, akaniuliza taratibu, "Hizo siku tatu ulikuwa unaniogopea mimi, au ulikuwa unajiogopea mwenyewe?"

Basi wewe unayeanza kazi, nisikilize. Kufunga ile swichi ulikuwa ujinga wa ujana, na ujinga watu husamehe. Kunyamaza ndiko kunakonisumbua hadi uzeeni. Ukimkosea mtu, mwambie siku hiyohiyo, hata kama sauti haitoki vizuri, maana mwenye mwili ni yeye. Mwenyezi Mungu akulindie macho yako na ya wenzako, na siku hofu itakapokushika, akufungue kinywa mapema kuliko nilivyofungua mimi.