Mama Mkwe Nyuma ya Pazia, Njia Nzima Hadi Ziwani

Nakumbuka Ijumaa moja nilipokuwa nimesimama uani kwangu, hapahapa Nzuguni, saa kumi na mbili na dakika nne asubuhi, karatasi mkononi na kalamu sikioni, nikimfokea mke wangu kwamba tumechelewa dakika nne. Dakika nne, mwanangu! Mimi ambaye shuleni nilikuwa nafika wenzangu wameshamaliza somo la kwanza. Lakini nilikuwa na miaka thelathini, nina cheo kidogo ofisini, nina leseni mpya ya udereva, na hakuna mtu chini ya jua aliyeweza kuniambia kitu.

Nimeikumbuka siku hiyo juzi, nilipokukuta umeinamia simu unapanga wikiendi ya kuwapeleka wenzako ziwani. Umeweka saa ya kuamka, saa ya kupiga picha, saa ya nyama choma. Nikakuuliza, "Wenyewe wanasemaje?" Ukanijibu, "Mzee, hii ni sapraizi." Nikameza mate, nikanyamaza. Leo sinyamazi. Weka simu chini, vuta kigoda, usikie yaliyonikuta.

Enzi hizo nilikuwa afisa mipango. Kazi yangu ilikuwa kukaa mezani na kuwapangia watu ambao sijawahi kuwaona: kisima kikae hapa, zahanati ikae kule, na nani kaulizwa? Hakuna. Nikawa nimezoea. Hata nyumbani nilikuwa napanga siku ya kula makande.

Mama mkwe wangu, mama yake Yudithi, alikuwa anakaa Mvumi. Maisha yake yote alichota maji kwa kufukua mchanga wa korongo. Anachimba, anakaa kungoja maji yajikusanye, anachota kwa kata, anangoja tena. Hayo ndiyo maji aliyoyajua. Kisha macho yakaanza kumpotea. Daktari akasema ni presha ya macho. Sehemu iliyokwisha kufa hairudi, na iliyobaki nayo inaondoka taratibu. Akawa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Pembeni giza.

Siku moja akamwambia binti yake kwamba amesikia kuna ziwa liko juu milimani, upande wa Mbulu, maji yake hayakauki kiangazi wala masika. Akasema, "Ningelitazama kabla macho hayajafunga." Yudithi alinieleza hayo huku anapepeta mchele, machozi yanadondokea kwenye ungo. Mimi nikajipiga kifua. "Niachie mimi," nikasema. Na hapo ndipo palipoharibika.

Wiki mbili nilipanga safari ya siku tatu. Nikaazima gari la rafiki yangu. Nikamwomba karani wa ofisini anipigie ratiba kwenye kompyuta, kurasa mbili, nakala tatu: moja ya mke wangu, moja ya faili, moja ya mama mkwe, ambaye hakusoma na ambaye hata angesoma asingeona. Ratiba ilikuwa na kila kitu. Kuondoka, saa kumi na mbili. Kusimama kwa mahitaji binafsi, Kondoa, saa nne na nusu. Na kipengele nilichojivunia kuliko vyote: "Kiti cha mbele, Mama Mkwe, mgeni rasmi. Dereva, mimi mwenyewe."

Wewe uliyekulia mjini huenda hulioni kosa. Kwetu Wagogo, katika malezi niliyolelewa mimi, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukwepana. Hamli pamoja, hamkai karibu, mkikutana njiani mmoja anaingia porini mwingine apite. Nimezaliwa Chamwino mimi, hayo nayajua toka naota meno. Lakini karatasini nilikuwa naona viti tu, watu sikuwaona. Nilimpangia mama mkwe akae bega kwa bega na mkwewe kutoka Dodoma mpaka Mbulu, siku nzima, na nikadhani nimempa heshima!

Basi asubuhi hiyo akatokea kwa dada yake, nyumba ya tatu, alikokuwa amelala. Nami kwa kimbelembele changu nikafungua mlango wa mbele, nikainama kama mhudumu wa hoteli, nikasema, "Karibu mama, mbele huku."

Loo! Yule mama alivuta kitenge kikafunika uso wote, akageuka, akauelekea ukuta. Akauambia ukuta, "Yudithi, mwanangu, mimi narudi Mvumi."

Mke wangu akaniangalia, mtoto wetu Neema mgongoni, mchanga bado. "Baba Neema, una akili timamu wewe? Kwa nini hukuniuliza?"

"Ilikuwa kwenye ratiba," nikasema. Nakala yake nilikuwa nimempa jana yake, mwanangu, akaifungia vitumbua.

Hapo nikaona safari inanifia mikononi. Ziwa lile mama alikuwa hana mwaka mwingine wa kulingojea, na mimi ndiye niliyekuwa namfukuza mbali nalo. Yudithi akaingia ndani, akang'oa pazia la chumbani kwetu, la maua mekundu, akalifunga kwa kamba katikati ya gari. Mama mkwe nyuma, Yudithi na mtoto nyuma, mimi mbele peke yangu kama dereva wa bibi harusi. Tukaondoka saa moja kasoro dakika kumi. Nikakunja uso, nikakanyaga mafuta kufidia muda.

Njia enzi hizo ilikuwa vumbi na mashimo mwanzo mwisho. Tumeshaipita Haneti, nikasikia sauti nyuma ya pazia. "Baba Neema, simama kidogo nichimbe dawa."

"Ni Kondoa," nikasema. "Ratiba inasema Kondoa. Jikaze."

Tukaenda. Baada ya kitambo, "Baba Neema, nimebanwa kweli."

"Jikaze, Yudithi."

Mara ya tatu nikapandisha hasira. "Hivi wewe ulikunywa pipa? Mtu mzima mzima unashindwa kujizuia, kama mtoto wa chekechea?" Nilisema kwa sauti kubwa, mwanangu, nikazidisha na kicheko.

Tulipofika Kondoa, kabla gari halijatulia, mlango wa nyuma ukafunguliwa. Nikamwona Yudithi kamshika mama yake, vitenge wamevishikilia viunoni, wanakwenda mwendo ambao sijawahi kumwona mama mwenye umri ule akienda. Wakarudi. Yudithi akaja dirishani kwangu, akaninong'oneza, "Sikuwa mimi."

"Nini?"

"Aliyebanwa sikuwa mimi. Mama angekuambiaje wewe? Kwa mdomo gani? Akanifinya mimi, mimi nikaomba kwa jina langu. Na wewe ukamwita mama yangu mtoto wa chekechea."

Nilitamani ardhi ipasuke. Sikuthubutu hata kugeuza shingo kutazama lile pazia. Toka hapo nikawa dereva mpole kuliko wote Tanzania. Akikohoa tu mtu huko nyuma, nasimama. Akisogeza mguu, nasimama. Nilisimama mara saba kabla ya Babati, mpaka ujumbe ukanifikia kupitia kwa Yudithi: "Mama anasema, tafadhali, kukohoa ni kwa sababu ya vumbi."

Tukalala nyumba ya wageni karibu na ziwa. Ungedhani nimepata akili. Thubutu! Jumamosi ratiba ilisema saa moja asubuhi mimi natangulia kukagua ziwa, na saa nne ndipo mama mkwe analetwa kutazama. Nani alimuuliza kama anataka saa nne? Hakuna. Nikashuka ufukweni peke yangu, nikavua nguo, nikazipanga juu ya jiwe, nikaingia majini na nguo ya ndani tu. Maji ya mlimani, mwanangu. Yale si maji, yale ni adhabu.

Nimeogelea kidogo, naanza kutoka, nikaona kitenge. Mama mkwe. Alikuwa macho toka alfajiri, kumbe ameona mng'ao wa maji dirishani, akamwambia binti yake hawezi kungoja. Anashuka polepole, kashikwa mkono, na jiwe alilolichagua kukalia ni lilelile lenye suruali yangu.

Nikarudi majini kama chura. Nikajibana kwenye matete pembeni, maji shingoni. Yudithi akaniona. Akaziona na nguo. Akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtetemeka kwa kucheka, akaikusanya suruali yangu taratibu na kuificha chini ya mbeleko ya mtoto. Nikamfanyia ishara amwondoe mama. Akatikisa kichwa, akanionyesha kwa kidole uso wa mama yake.

Nikautazama. Kwa miaka yote nilikuwa sijawahi kuutazama uso ule, heshima ilikuwa haituruhusu. Alikuwa amefungua macho yote kama mtu aliyeitwa jina lake kwa mbali. Alikuwa anageuza kichwa kidogo kidogo, kwa sababu ya lile tundu lake, anayapitisha maji kipande kwa kipande.

"Mwisho wake uko wapi?" akauliza.

"Kule chini ya vilima, mama."

"Na hakuna anayeyafukua?"

"Hakuna. Yapo tu."

Akacheka. Kisha akainama, akachota kwa viganja, akanawa uso, akachota tena, akamwaga makusudi, kama mtoto anayechezea kitu asichowahi kuruhusiwa kukichezea. Akaanza kulia huku anacheka.

Nilijua nikitoka, au nikisema neno moja tu, angefunika uso na kukimbia kwa aibu, na asingerudi ufukweni pale tena. Nikakaa. Meno yanagongana, miguu siisikii, vidole vimekunjamana. Nikapiga chafya, nikaizamisha majini. Nikalia pia, sikufichi. Na kwa baridi ile, machozi ndiyo kitu pekee cha moto nilichokuwa nacho. Sijui alikaa saa nzima au saa moja na nusu. Kwa mara ya kwanza mwaka ule sikujua ni saa ngapi.

Alipoinuka nilitoka kwa kutambaa. Siku nzima nilikunywa chai ya tangawizi, natetemeka ndani ya blanketi, na ratiba yote ya mchana, vilima, soko, picha ya pamoja, ikafa bila mtu kuiulizia. Jioni wakashuka tena ufukweni, yeye na binti yake. Mimi nilibaki kitandani, namshukuru Mungu.

Jumapili tunarudi, naendesha, nakohoa. Nyuma ya pazia nikasikia mama mkwe anamwambia binti yake, kwa sauti ya kutosha, sauti ya kunifikia mimi bila kuniambia mimi:

"Mwambie mumeo, yule mtu aliyekuwa kwenye matete jana, namshukuru. Niliisikia chafya yake. Nilipaswa kuondoka, lakini maji nilikuwa sijamaliza kuyatazama." Kisha akaongeza, "Na umwambie, safari nyingine aniulize. Ningemwambia nataka kukaa pale tu. Mengine yote ya kwenye karatasi sikuyahitaji."

Nilipunguza mwendo tu, nikaendesha taratibu mpaka Mvumi.

Mwaka uliofuata macho yake yakafunga kabisa. Ungefika kwake, ungemkuta uani anawasimulia majirani jinsi maji yanavyofika mpaka chini ya vilima na hakuna anayeyafukua. Alikuwa anayaonyesha kwa mkono, kipande kwa kipande, na hakosei.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Kabla hujamwekea mtu saa ya kuamka, muulize anataka kuona nini. Kabla hujamchagulia kiti, muulize anaweza kukaa na nani. Mtu akikuomba usimame njiani, simama, usimuulize amekunywa nini, kwa sababu hujui anaomba kwa niaba ya nani. Na ukiona uliyempeleka amefurahi nje ya mpango wako, mwache, hata kama wewe uko majini unaganda. Furaha yake ndiyo iliyokutoa nyumbani, karatasi haikukutoa.

Haya, chukua simu yako, uwapigie wenzako mmoja mmoja. Mungu akufungulie njia, akulindie kila roho utakayoipakia, awape wote macho ya kuliona ziwa hilo na muda wa kulimaliza. Na wewe akupe subira ya kungoja nyuma yao. Amina, mwanangu. Nenda salama.