Pua ya Kuazima

Wattie Stronach alikuwa fundi mapipa katika kiwanda cha wiski cha Balnarrie, lakini watu wa pale hawakumsifu kwa nyundo. Mafundi wa nyundo walikuwa saba pale kiwandani, na wawili kati yao walimshinda. Wattie alisifiwa kwa pua. Mapipa matupu yalipoletwa kutoka Hispania, mbao zake zikiwa bado na unyevu wa mvinyo, yeye ndiye aliyeng'oa kizibo, akainama, akatia pua tunduni, akafumba macho. Akiitikia kwa kichwa mara moja, pipa linakwenda kujazwa. Akichora msalaba kwa chaki, hata meneja hana la kusema.

Na haikuwa heshima ya bure. Wiski hutoka mitamboni nyeupe kama maji ya mto, kali ya kutoa machozi, haina rangi wala adabu. Vyote hivyo huvipata kwenye mwaloni, mwaka baada ya mwaka, ikiwa imelala ghalani gizani. Ilaze ndani ya pipa jema miaka ishirini, utaamsha asali na zabibu kavu. Ilaze ndani ya pipa lililochacha, utaamsha uchachu wa miaka ishirini, maana muda hausafishi kitu, unakoleza tu. Kwa hiyo kosa la fundi wa kunusa halionekani leo wala kesho. Linaonekana mwenyewe akishaota mvi.

Novemba ya mwaka 1968 Wattie aliteleza juu ya barafu uwanjani akaangukia kisogo. Daktari alimshona nyuzi sita, akamwambia apumzike. Siku ya nne mkewe, Netta, alimkuta jikoni anakunywa chai.

"We Wattie! Maziwa yamechacha hayo, yameganda kabisa! Husikii harufu?"

Alikuwa ameshakunywa nusu kikombe. Netta akamletea kitunguu puani, kisha kopo la mafuta ya taa, kisha samaki wa moshi aliyekuwa amewekwa kwa chakula cha jioni. Hakusikia kitu. Mume na mke wakatazamana.

"Kesho kawaambie kazini," Netta akasema.

"Niwaambie nini? Kwamba Stronach hanusi? Babu alinusa, baba alinusa, mimi ndio niwe wa kwanza kupewa fagio?"

"Mficha maradhi kilio humfichua, mume wangu."

"Basi nifichuliwe nikiwa kaburini."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Netta aliitunza ile siri kama yake mwenyewe. Ila tangu siku ile aliyaonja maziwa kabla ya kumwekea mumewe, kimyakimya, akiwa amempa mgongo. Wattie alikuwa akiuona ule mgongo kila asubuhi, na kila asubuhi aliona haya.

Kazini alimtegemea Dod Cruickshank. Dod alikuwa mviringisha mapipa wa ghalani, rafiki yake wa kuvua samaki, mtu mpole wa kuamini kila analoambiwa. Wattie alibuni mchezo.

"Haya Dod, nusa wewe kwanza, tuone kama mwaka huu umejifunza kitu."

Dod anainama. "Zabibu kavu. Na ganda la chungwa kwa mbali. Safi hili."

Wattie naye anainama, anafumba macho, anaitikia kwa kichwa. "Umepata."

Mapipa yakapita vizuri, kwa pua ya Dod na sifa za Wattie. Lakini mwizi haishi wasiwasi. Akaona wakikubaliana kila siku watu watashtuka, kwa hiyo mara moja moja akawa anampinga, kwa vitu vidogo ambavyo haviharibu pipa. Dod akisema chungwa, yeye anasema tufaha.

"Chungwa wapi? Pua ya ng'ombe hiyo! Nenda kanuse samadi huko, ndiyo saizi yako."

Wenzao wanacheka. Dod naye anacheka, huku anakuna sikio. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuamini, akaamini.

Machi iliyofuata mke wa Dod alijifungua mtoto wa kike, Ishbel, na Dod akabaki nyumbani siku tatu. Meneja akatoa ruhusa lijazwe pipa moja kwa jina la mtoto, lifunguliwe siku ya harusi yake, kama ilivyokuwa desturi yao kwa watu wa kiwandani waliokaa muda mrefu.

"Stronach, chagua mwenyewe," akasema mbele ya wote. "Iwe zawadi yako kwa rafiki yako."

Angeweza kusema tumsubiri baba mtoto arudi. Maneno manne tu. Watu walikuwa wamesimama wakimtazama, kofia mkononi, kama wako kanisani. Wattie akapita katikati ya mapipa, akachagua lililo zuri kuliko yote kwa macho: mbao nene, mikanda isiyo na kutu, ukiligonga linalia kama kengele. Akang'oa kizibo, akainama, akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Wakapiga makofi.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na pua ya kuazima, siku mwenyewe hayupo, haisitiri kitu chochote.

Mtoto alipofika miaka mitano, Dod alichota kidogo kwa mrija kuona maendeleo. Akamletea Wattie glasi pale pale ghalani.

"Wattie, mimi nanusa kabichi. Na siki. Nakosea?"

Hapa ndipo palipokuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Wiski ya miaka mitano bado ni mtoto. Ukiihamishia pipa lingine jema inafundishika, na miaka kumi na sita ya mwaloni mzuri ingemsahaulisha yule mlezi mbaya. Wattie alionja. Puani hapakuwa na kitu, lakini ulimi ulikuwa mzima, na ulimi ulichomwa na uchachu. Akajua.

"Utoto huo," akasema. "Utaisha. Mbao zinataka muda."

"Una hakika?"

"Nani fundi hapa, mimi au hiyo pua yako ya ng'ombe?"

"Basi, nisamehe bwana," Dod akasema. Aliombwa msamaha, yeye Wattie, na akaupokea.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kufanya kazi ghalani. Njia ya Wattie ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na moja, na aliitembea yote. Dod alichota tena mtoto akiwa na miaka kumi, akauliza, akajibiwa vile vile. Akiwa na miaka kumi na tano akachota, akanusa, akamimina chini bila kuuliza. Mwaka huo Wattie alikwenda mpaka mlangoni kwa Dod kusema ukweli. Mke wa Dod akamkaribisha mkate na jamu ya stroberi, Ishbel akamwonyesha daftari lake la shule, naye akala, akasifu mwandiko, akarudi nyumbani. Netta alimtazama usoni akajua hakusema.

Harusi ikawa Juni ya mwaka 1990. Asubuhi kabla ya kanisa, watu kama ishirini walikusanyika ghalani: ndugu wa pande mbili, mchungaji, wazee wa kiwandani. Ishbel alikuja na koti juu ya gauni lake jeupe, viatu kavishika mkononi visichafuke.

"Mjomba Wattie, wewe ndiye uliyenichagulia. Wewe ndiye utakayeng'oa kizibo."

Wattie aling'oa. Dod akachota, akamimina, na rangi ilipoonekana, nyekundu ya chai iliyokolea, wote wakasema "Ahaa!" Wakainua glasi kwa bibi harusi, wakanywa.

Mchungaji alimeza kwa taabu. "Ina... ina msimamo wake," akasema. Bibi yake bwana harusi, mama wa miaka themanini na mitatu asiyemwogopa mtu, aliirudisha yote ndani ya glasi.

"Nzuri, baba," Ishbel akasema. Machozi yalimlengalenga machoni. Akaimalizia yote hadi tone la mwisho ili baba yake aone.

Dod hakuwatazama wageni. Alimgeukia Wattie, na usoni hapakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na wasiwasi, kama mtu aliyekwenda kwa daktari.

"Wattie, niambie kweli. Ni mimi tu?"

Hilo ndilo lililomvunja. Angestahimili tusi, angestahimili hata ngumi.

"Si wewe," Wattie akasema. "Haikuwa wewe hata siku moja. Mimi sinusi, Dod. Tangu ile barafu, kabla huyu mtoto hajazaliwa. Nilikuwa nanusa kwa pua yako. Siku ya pipa hili hukuwepo, na mimi nikaona aibu kukusubiri."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Dod aliizungusha glasi.

"Huyu alipokuwa na miaka saba," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, "waliniita mjini Elgin, wanipe kazi. Chumba cha kunusia, wanakopima wiski kwa pua tu. Mtu alipita hapa akanisikia ninavyozitaja harufu za mapipa, akawaambia wanitafute. Sikukuambia, niliona utanicheka. Nikawajibu kwamba pua yangu inanidanganya, kama hawaamini wamwulize Stronach."

Dod akainua glasi. Akainama juu yake na kufumba macho, vile vile kama alivyomwona rafiki yake akifanya miaka yote ile.

"Siki," akasema. "Kabichi iliyochemshwa. Kiberiti. Ngozi iliyolowa." Akanyamaza, akavuta tena. "Na chini kabisa kuna tufaha. Hilo ni letu, la mitambo yetu. Limejitahidi, maskini."

Alizitaja harufu moja moja, bila haraka, na bila kumwuliza mtu. Na Wattie Stronach, ambaye hakusikia hata moja, akaitikia kwa kichwa kwa mazoea, kisha akagundua anachokifanya. Kichwa kikabakia hapo hapo, kimeinama nusu, mbele ya watu wote, na hakuweza kukiinua.