Mkanda wa Fundi

Fundi alishona sare za shule kwa miaka arobaini na mmoja, na mwanamke wa kazi hiyo hasahau mshono uliofumuka.

Mshono huo ulifumuka miaka mitatu iliyopita. Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa ng'ambo, naye Fundi akasafiri na shemeji yake, karani mstaafu, mdogo wa marehemu mumewe. Kwenye uwanja wa ndege, Karani alichomoa mfuko wa dawa kwenye mkoba wa Fundi, akausukumia ndani ya begi kubwa la kupakiwa tumboni mwa ndege.

"Shemeji, unataka watu waone tumehamisha hospitali?"

Begi likapotea siku tatu. Fundi akakosa dawa za presha, akaanguka bafuni, na harusi ikafungwa yeye amelazwa. Waliporudi, Karani hakulitaja begi. Alimwambia kila mtu, "Umri umemshinda. Asipandishwe tena ndege."

Kuusingizia mwili wa mtu kosa lako mwenyewe ni wizi, na mwizi huyo alikuwa anapewa kiti cha mbele kwenye vikao vya familia.

Mwaka huu mjukuu akazaliwa, wakaalikwa wote wawili. Fundi alitaka mambo mawili tu: afike kwa miguu yake, na Karani aseme kweli mbele ya binti.

Wiki sita kabla ya safari alikwenda kliniki. Akapimwa, akachanjwa, akaandikiwa barua yenye majina ya dawa zake. Pakiti akazitia kwenye mkoba. Kisha akaketi kwenye cherehani, akashona mkanda wa kiunoni wenye vimfuko vya vidonge vya safari: uzi mwekundu asubuhi, bluu jioni.

Ndani ya ndege alivaa soksi za kubana, akanywa maji, na kila saa akatembea hadi nyuma na kurudi. Kila akipita alikanyaga kidole cha Karani.

"Shemeji, umeajiriwa ulinzi?"

"Lala, shemeji. Mimi nipo zamu."

Karani alilala kweli. Maji aliyakataa, asije akasumbuka kwenda chooni. Walipotua, miguu ilikuwa imevimba, viatu havikumwingia. Kichwa kikamzunguka. Dawa zake mwenyewe za presha alikuwa ameziweka kwenye begi kubwa, kwa aibu ileile, na begi halikutokea.

"Shemeji, nipe kidonge chako kimoja."

"Dawa ya mtu haigawiwi. Daktari kaniambia."

Hata hivyo alimwita muuguzi wa uwanja papo hapo. Kisasi chake hakikuhitaji maiti.

"Unatumia dawa gani, baba?" muuguzi akauliza.

"Kile kidonge cheupe... kidogo."

"Vyeupe viko mia, baba."

Daktari wa uwanjani akampima, akampa dawa, akaagiza kiti cha magurudumu. Kijana wa kusukuma alipokuja, Fundi akamwondoa. "Huyu ni wangu."

Akamsukuma polepole hadi mlangoni, walikosimama binti, mume wake na mama mkwe wake.

"Baba mdogo! Kumetokea nini?"

Karani akatazama juu. Fundi alikuwa ameshika breki.

"Dawa niliziweka kwenye begi, limepotea," akanong'ona. "Kama... kama nilivyoziweka za mama yako mwaka ule. Alianguka kwa sababu yangu."

Binti akageuka kumtazama mama yake, macho yamejaa machozi. Fundi hakuachia breki.

"Rudia, shemeji. Mama mkwe wa binti yetu hajasikia."