Korosho Ilipomshuhudia Somoe

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu nje kidogo ya Newala, hatukuthubutu kuokota hata bibo moja chini ya mikorosho ya Mzee Likunde. Shamba lake alikuwa ameliwekea kago: kichupa na kitambaa cheusi vilivyofungwa kwenye tawi. Ilijulikana kwamba atakayeiba humo atabambuka ngozi, na hataponea popote mpaka akiri mbele ya mwenye shamba.

Kwa hiyo binamu yangu Somoe alipoamka midomo imevimba na vidole vimejaa malengelenge, hakuna aliyeuliza anaumwa nini. Waliuliza ameiba lini.

"Sikuiba," alisema Somoe kwa shida.

Mama yake, ambaye ni mama yangu mdogo, alimshika bega. "Kubali tu, mwanangu. Twende ukamwombe radhi, akufungue."

Mimi nilisimama mlangoni, naogopa hata kumgusa. Tulikuwa tukilala mkeka mmoja, nilimjua, lakini ngozi yake ilikuwa inamshuhudia vibaya. Akikiri, ataitwa mwizi mpaka aolewe. Asipokiri, tuliamini atabambuka mwili mzima.

Kabla ya adhuhuri Mzee Likunde akaja mwenyewe, na watu nyuma yake.

"Sina ugomvi na mtoto," alisema. "Aseme tu, yaishe."

Bibi yetu alikuwa anamwosha Somoe kwa ndoo nzima ya maji, na maji kwetu yalikuwa ya kununua. Hakuinua kichwa. "Somoe, jana tulipobangua korosho, ulipaka majivu mikononi?"

"Sikupaka, Bibi. Nilikuwa na hina mpya, niliogopa itaharibika."

Majivu yalikuwa amri ya Bibi. Alituambia korosho ina hasira ya kutenganishwa na bibo lake, na majivu pekee ndiyo huipoza. Sisi watoto tulicheka, lakini tulipaka.

Bibi akaingia ndani, akatoka na korosho mbichi na kiganja cha majivu.

"Hii ni ya shambani kwangu, Mzee. Sijaiba kwa mtu." Akaipasua, akakandamiza ganda mkononi mwake mahali pawili. Mahali pamoja akapasugua kwa majivu yaliyoloweshwa, pa pili akapaacha hivyo hivyo. "Njoo kesho. Usiponiona nimeungua, mtoto nitamleta mwenyewe."

"Mama, unajiumiza!" mama mdogo alilia.

Jioni yote nilikuwa nautazama mkono ule. Haukuwa na kitu. Ndipo nilipogundua, kwa aibu, kwamba nilikuwa namwomba Mungu Bibi yangu aungue.

Asubuhi palipoachwa palikuwa pametoka lengelenge kubwa. Penye majivu palikuwa na wekundu tu. Mzee Likunde aliushika mkono, akaugeuza kwenye mwanga.

"Mtoto hakuingia kwangu," akasema hatimaye, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. Mama mdogo akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Miaka baadaye, nikiwa sekondari Masasi, mwalimu wa kemia alitueleza kwamba mafuta ya ganda la korosho yana asidi, na maji ya majivu yana alikali. Vikikutana, kila kimoja hupunguza ukali wa mwenzake. Darasa zima liliandika. Mimi kalamu ilinigoma.

Bibi hakujua habari za asidi. Wala hakuwa amelikana kago. Mpaka anafariki alikuwa akilizunguka shamba la Mzee Likunde kwa mbali, akituonya tufanye vivyo hivyo. Aliliogopa kama wote waliojaa uani kwetu. Jioni ile, kama mimi, hakujua asubuhi itatoka na nini. Lakini Somoe alikuwa amesema hakuiba, na kwa Bibi hilo lilitosha.