Nukta Kumi na Tisa Nyuma ya Zizi

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, Nansalmaa alipokwenda kufungua zizi la majira ya baridi, alimkuta chui wa theluji amelala katikati ya mbuzi saba waliokufa. Alikuwa ameshiba kiasi cha kutoona haja ya kukimbia. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika. Walitazamana, kisha mnyama akainuka taratibu, akaruka ukuta wa mawe kama mtu avukaye kizingiti, akapotelea majabalini.

Sodnom, mumewe, alichukua bunduki, akamtafuta siku mbili, akarudi mikono mitupu na midomo imepasuka kwa baridi. Nansalmaa hakumkataza wala hakumtuma. Hasara ya mbuzi saba ilimuuma, tena mmoja wao alikuwa yule mweupe aliyemlea kwa chupa. Lakini kilichomganda kichwani ni swali: huyu anakaa wapi? Alikuwa ameishi miaka hamsini na miwili katika milima ile ya kusini mwa jangwa la Gobi. Nyayo ameziona mara zisizo na idadi, na mnyama mwenyewe mara tatu tu.

Vuli ilipofika, watafiti kutoka mji mkuu walipiga kambi chini ya bonde. Mkubwa wao, Zolzaya, alikuwa na umri wa binti yake wa kwanza. Nansalmaa aliwapelekea birika la chai ya maziwa yenye chumvi, na salamu zilipokwisha akauliza kama ni kweli wana kifaa cha kumwambia mtu chui anakokwenda. Zolzaya akamwonyesha ukanda wa kumvalisha mnyama shingoni. Kila baada ya saa tano, alisema, ukanda hutuma habari kwa setilaiti, na nukta hutokea kwenye ramani ya kompyuta. Mwaka na nusu ukipita, ukanda hufunguka wenyewe na kuanguka.

Nansalmaa aliugeuzageuza mkononi, akauliza kama haumkwaruzi. Kisha akataka kujua mitego wameitega wapi. Alipoambiwa, alicheka kidogo, na kesho yake akawapeleka kwenye jabali lililoinama ambalo chui hulikojolea kila wapitapo.

Siku ya kumi na moja akanaswa jike. Zolzaya alimchoma sindano ya usingizi, wakamfunika macho kwa kitambaa, wakampima na kumvalisha ukanda. Nansalmaa aliruhusiwa kushika mguu wa mbele. Ulikuwa wa moto, na manyoya yamejaa hata katikati ya vidole. Alipoinua macho akaliona lile sikio lililochanika. Hakumwambia mtu mpaka aliporudi nyumbani.

"Kwa hiyo mwizi wetu umemvisha mkufu," Sodnom alisema, akiendelea kushona tandiko lake.

"Nimemvisha, ndiyo. Wewe ulimtafuta siku mbili hukumwona. Mimi sasa nitamwona kila siku."

Ikawa kweli. Kila alipopeleka mbuzi malishoni upande wa kambi, aliingia kutazama ramani. Majira ya baridi yalipokwisha, Zolzaya alimhesabia nukta zilizoangukia jirani na zizi lake: kumi na tisa. Mara kumi na tisa chui alikuwa amepita mgongoni mwao, na hakuna mbuzi hata mmoja aliyeguswa. Sodnom alisema kompyuta hiyo inawafanya wajinga. Hata hivyo jioni alionekana akizunguka nyuma ya zizi, ameinama kama aliyedondosha kitu. Wiki hiyohiyo alianza kufunika zizi kwa wavu wa waya.

Katikati ya mwezi wa sita, Nansalmaa alimkuta Zolzaya ameinamia kompyuta. Nukta za siku tisa zilikuwa zimerundikana mahali pamoja. Zolzaya alieleza kwamba huenda ukanda umeanguka kabla ya wakati, au mnyama amekufa.

Nansalmaa alizikodolea macho zile nukta. "Na hizi chache zilizo pembeni?"

"Huenda setilaiti imekosea. Ni kama alitoka kidogo, akarudi."

"Mara ngapi?"

Zolzaya akahesabu. Mara nne.

"Mwanangu, maiti haitoki ikarudi," Nansalmaa alisema. "Huyo amezaa."

Walingoja hadi mlio wa kipokezi chao cha mawimbi ya ukanda ulipoonyesha kwamba mama amekwenda mbali kuwinda mbuzi mwitu, ndipo wakapanda kwenye korongo jembamba. Walikubaliana wasikae zaidi ya nusu saa. Mbele ya ufa wa mwamba palikuwa na ukuta mfupi wa mawe, uliopangwa na mikono ya watu. Zolzaya alivaa glavu, akaingia kwa magoti, na punde akasema kwa kunong'ona kwamba wapo wawili, macho yamefumbuka.

Nansalmaa alibaki nje, mkono juu ya mawe. Alikuwa ameutazama ukuta akaufahamu. Mwaka mmoja wa kimbunga cha theluji, mama yake alikuwa ameficha vitoto vya mbuzi katika ufa huo, naye mwenyewe, mtoto wa miaka tisa, ndiye aliyemletea mawe.

"Mama, huji kuona?" Zolzaya alinong'ona kutoka ndani.

"Nakuja. Haya mawe niliyabeba mimi."

Aliinama akachungulia. Watoto walimfokea kwa sauti ndogo, meno kama punje za mchele. Akarudi nyuma, akawaachia kivuli chao.

Ukanda ulianguka mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, ng'ambo ya uwanda mpana ambao wafugaji wote walisema chui havuki. Zolzaya alikuwa mjini, akapiga simu kueleza ulipo na kuomba uchukuliwe. Sodnom aliwasha pikipiki bila kuombwa, Nansalmaa akakaa nyuma, wakasafiri nusu siku. Waliukuta chini ya mwamba, ndani yake umenasa manyoya ya kijivu.

Sodnom ndiye aliyeziona nyayo kwenye theluji ya mwisho: za mkubwa mmoja na wadogo wawili, zikielekea kusini. Alichuchumaa akaweka kiganja chake kando ya unyayo mkubwa.

"Huko wanakokwenda kuna maji?" akauliza.

"Sijui. Sijawahi kufika."

Walizifuata kwa miguu hadi mawe makavu yalipozimeza. Wakakaa hapo, wakatafuna jibini kavu wakiutazama mlima wasioujua jina, mpaka upepo ulipoanza kuvuma wakarudi kuigeuza pikipiki.